Swali la Kumi na Nne

Mama aliuliza huku anabangua korosho,
vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda:
Muuguzi anashika sindano. Fundi anashika mwiko.
Wewe na hiyo sosholojia yako, mwanangu,
ukimaliza, unashika nini mkononi?

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na nusu ya ada,
kitanda cha bweni kilicholia kila nilipogeuka,
na mwalimu Mkwavila, vumbi la Newala hadi magotini,
akiandika ubaoni JAMII kwa herufi kubwa,
kisha akainyamazia
kama mtu aliyeandika jina la mdeni wake.

Nani kati yenu amewahi kuiona?
Tukacheka. Nampunju akanyoosha mkono:
Mimi, mwalimu. Bombani.
Madumu yamepangwa, wenyewe hawapo.
Dumu la mjane kuna mguu unalisogeza mbele.
La mgeni linarudi nyuma, na hakuna aliyeligusa.

Mwalimu akafuta ubao.
Nendeni nyumbani, akasema, kipindi kimekwisha.

Mwaka wa pili tukapewa dodoso, tukapelekwa Tandahimba
msimu wa salfa, mikorosho imepakwa unga
na watu wanakohoa katikati ya salamu.
Swali la kumi na nne:
Mkuu wa kaya ni nani? Weka tiki moja tu.

Bi Sihaba aliigeuza karatasi, akaigeuza tena.
Nyumba hii ya mama yangu, akasema.
Mikorosho ile ya kaka yangu Liponda,
binti zangu wakiposwa anayejibu ni yeye.
Mume wangu ndiye yule,
alikuja hapa na begi moja na redio.
Redio ilikufa.
Pesa ya mnada inaingia kwenye simu yake;
simu nakaa nayo mimi.
Haya, mjukuu wangu. Weka tiki.

Kalamu ikasita juu ya vijisanduku vinne,
vidogo kama punje za ufuta.

Nilirudi na salfa kwenye kona za karatasi,
kumi na nne iko wazi, pembeni nimeandika
mpaka maneno yakapinda, yakaenda nyuma ya ukurasa.
Mwalimu alikata alama mbili, uchafu.
Akaongeza tano. Hakusema za nini.

Sasa tumetawanyika.
Nampunju yuko Lindi, ustawi wa jamii,
anakaa kati ya baba na mama wanaomvuta mtoto huku na huku;
anasema nusu ya kazi ni kujua kiti ukiweke wapi.
Somoe yuko na watu wa fidia, anahesabu minazi.
Alinipigia usiku wa manane:
Mnazi una bei, choo kina bei,
kaburi la kichanga lisilo na jiwe
naliandika kwenye safu gani?
Nilikaa na simu sikioni. Hata yeye hakukata.
Likwati hakupata ajira. Anauza vocha stendi ya Masasi,
na anajua kabla ya benki
ni nani kaishiwa, na nani anajifanya kaishiwa.

Mimi nipo ofisi ya kata. Meza yangu ina mguu wa tofali.
Kina mama wa kikundi wanakuja, wanataka cherehani,
wanaitaka sana, wanaitaja mara tatu,
nami nangoja, maana bado hawajasema walichokuja nacho.
Kuna siku nangoja hadi saa kumi
na wanaondoka na fomu ya cherehani.

Juzi alikuja mama. Mara ya kwanza.
Akakaa kwenye benchi na wengine,
hakumwambia mtu kwamba alinizaa.
Zamu yake ilipofika akaangalia mikono yangu juu ya meza,
akaiangalia vizuri, pande zote mbili.

Hamna kitu, akasema.
Hamna, mama.

Akageuka kutazama mlango. Akavuta kiti.
Sikiliza basi, akasema. Kuna habari ya mjomba wako
na lile shamba la bondeni.